Mbio za Pikipiki Kwa Mogesi na Mtamba wa Watu Wawili

Nyangi, filimbi unayo tayari. Kamba iko chini ya kitanda changu, na majivu utayapata popote penye jiko. Kilichobaki ni maneno, ndiyo haya ninayaandika, wewe na wenzako mnaoshika kazi ya kuandaa mbio myasome mkiwa mmekaa. Shule niliishia darasa la tatu. Mwalimu Yohana alihamishwa, baba akasema basi, mwalimu anahamishwa lakini ng'ombe wanabaki, na wewe baki nao. Kwa hiyo mkikuta mahali nimeandika kama ninavyoongea, vumilieni.

Kwa asiyejua, mbio zetu tuliziita kunyoosha. Pikipiki mbili, barabara moja iliyonyooka, hakuna kona wala mzunguko wa pili. Kamba ya kuanzia iko hapa, mstari wa majivu uko kule, wa kwanza kukata majivu ameshinda. Ukipiga chafya umepitwa. Watu walitoka Mugumu, wakatoka Sirari, wakapanda na kushuka vilima kuja kuona kitu kinachokwisha kabla chai haijapoa. Mpaka leo sijaelewa wanafuata nini, na sikulipwa kuelewa. Kazi yangu ilikuwa kuona kwamba wamekula, wamelipia mahali pa kuegesha, na wamerudi kwao na mifupa yao yote.

Sikuanza na pikipiki, nilianza na ugali. Mume wangu Marwa alikuwa amefariki, nilikuwa na nyumba Nkende na wajukuu wanaokula kama wamekodiwa. Tukasikia kuna mawe yameonekana karibu na Mto Mara, ambako mzee mmoja aitwaye Mogesi alikuwa anachimba choo akakutana na mwamba unaometa. Choo hakikuendelea. Haukupita muda mrefu kilima kizima kikawa na maduara, ndiyo mashimo ya dhahabu, na watu kutoka Geita, Kahama, Shinyanga, na wa kwetu wa pande zote mbili za mto. Nilibeba masufuria yangu nikafungua banda la chakula pamoja na Mokami, jirani yangu wa Nkende, na Mama Ester, mjane kutoka upande wa Serengeti. Siku ya kwanza tulipika maharage yakaungua, kwa sababu sote watatu tulikuwa tumesimama nje tunashangaa watu walivyo wengi. Waliyala hivyo hivyo.

Pale Kwa Mogesi kulikuwa na barabara ya changarawe iliyochongwa kwa ajili ya malori ya mawe, imenyooka tambarare kama ubao. Malori yakapata njia fupi upande wa pili, barabara ikaachwa. Sasa weka barabara isiyo na gari mbele ya vijana wenye pikipiki mpya na dhahabu waliyouza juzi. Walianza wenyewe. Mimi nilisikia kelele tu na kuona vumbi, kisha wanakuja bandani wanabishana nani alimtangulia nani. Na wakibishana wanakula. Nikaona kumbe mabishano yana njaa.

Aliyenifundisha kugeuza hilo kuwa kazi ni Mzee Salum, mwenye duka la spea za pikipiki pale Bomani. Babu yake alitoka pwani na cherehani moja, lakini yeye alizaliwa Tarime na Kikurya chake kilikuwa safi kuliko cha wanangu. Alikuwa akija Kwa Mogesi kuuza matairi na oili, na mchana anakula kwangu.

"Mama Wegesa," akaniambia siku moja, "hawa vijana wanakimbia bure."

"Hawakimbii bure, mzee. Wanakimbia kwa ujinga."

"Ujinga upo wa kutosha. Unakosa mtu wa kuupanga."

Ndivyo tulivyoanza. Mbio za kwanza tuliziharibu kwa kila njia ambayo mbio zinaweza kuharibika, na ningependa nyinyi msirudie, maana mtapata njia zenu mpya.

Tulifunga kamba kwenye njia ya kuingilia, tukamsimamisha Mokami adai kiingilio. Watu walimsalimia vizuri, wakageuka, wakapanda kilimani na kuangalia kutoka juu. Hata wenye hela walipanda. Mtu ana dhahabu imefungwa kwenye karatasi ya sigara mfukoni na bado anaona kiingilio ni wizi. Tulikuwa tumepika wali na nyama kama wa harusi. Kumbe juma hilo hakuna duara lililokuwa limetema, yaani hakuna shimo lililotoa dhahabu, na kijana ambaye duara lake halijatema anakula muhogo wa kukopa. Halafu vumbi. Jozi ya kwanza ilipopita, jozi ya pili haikuona barabara, na watazamaji wa karibu walirudi wameiva rangi moja kama matofali. Mzee Salum alikaa anafuta miwani yake. Alipomaliza akasema, "Mlima huwezi kuuwekea mlango. Uza kitu ambacho mlima hauna."

Mlima hauna kivuli, hauna maji ya kunywa, na hauna mtu wa kulinda pikipiki yako wakati umeinua shingo unatazama ya mwenzako. Tangu hapo hatukudai kiingilio tena. Tuliwatoza wafanyabiashara nafasi za vibanda, tukatoza ulinzi wa pikipiki kwenye boma la miiba, na wakimbiaji wakatoa ada yao. Mzee Salum alitoa matairi na oili kuwa zawadi ndogo, na sisi tukamtangazia jina la duka lake mpaka yeye mwenyewe akachoka kulisikia.

Kuhusu tarehe, msiwasikilize wanaosema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ni wa watu wa maofisini kule Bomani. Mchimbaji mwezi wake ni duara. Mimi nilikuwa nasoma sufuria. Wakiagiza maharage, nasubiri. Siku mtu mmoja akiagiza nyama ya watu watano na kukataa chenji, namwambia Mokami, tangaza, Jumapili tunanyoosha. Sikukosea mara nyingi.

Vumbi tuliliweza kwa maji, na maji yalikula fedha kuliko kitu chochote isipokuwa zawadi. Magesa alikuwa na trekta na tangi, anachota mtoni. Ukimwaga mapema jua linayanywa. Ukichelewa unapata utelezi, na utelezi ni mfupa. Anayejua ni Ochieng, fundi wetu aliyetoka karibu na Sirari, ambaye alikuwa anavua viatu na kutembea barabara nzima peku.

"Bado, mathe. Inanishika kidole."

Tunasubiri. Watu wanapiga miluzi. Ochieng anatembea tena, taratibu, kama bwana harusi.

"Sasa iko sawa. Leta wao."

Huyo Ochieng ndiye aliyekuwa anashusha kanga ya kuanzisha mbio. Kanga yangu ya zamani, nyekundu. Tulijaribu bendera ya dukani lakini upepo ulikuwa unaianzisha kabla yake.

Sasa fungu la mfupa. Hili naomba mlisome mara mbili. Katika mbio zetu za mwanzo kijana aitwaye Boniphace alikuwa anaongoza vizuri, mbuzi wa Mama Ester akaamua kuvuka. Boniphace alimkwepa mbuzi, hakuikwepa ardhi. Bega likavunjika. Tulimpeleka hospitali juu ya trekta la Magesa, na fedha ya matibabu ilitoka kwenye fedha ya mshindi, kwa kuwa hakukuwa na nyingine. Mshindi alikuwa Nyamhanga, kijana mpole, lakini alikaa mbele ya banda langu siku kadhaa bila kusema neno, ananiangalia ninavyosonga ugali. Afadhali angenitukana. Tangu siku ile kabla ya kulipa maji, kabla ya zawadi, kabla ya chumvi, tulitenga fungu la mfupa. Asipovunjika mtu, kesho yake tunanunua mbuzi na kunywa supu na wakimbiaji wote. Mkiona mbio zinaishia na supu, kazi ilikwenda vizuri. Tulikunywa supu nyingi. Mbuzi wa Mama Ester hakuumia siku ile. Alikuja kuliwa Krismasi, kwa sababu nyingine.

Na pombe. Mkimbiaji akija kwenye kamba, mimi ndiye niliyekuwa nanusa. Kijana anakuja, "Shikamoo bibi," ameziba mdomo kama ana jino bovu.

"Marahaba. Sema tena, bila mkono."

"Shikamoo."

"Nenda ukalale, mura. Utanyoosha siku nyingine."

Mwanamume akimnusa mwenzake ni ugomvi. Bibi akinusa, mtu anaona aibu anaondoka. Nyangi, wewe bado kijana, kwa hiyo tafuta mzee wa kunusa mpaka mvi zikutoke.

Matangazo mwanzoni tulikodi pikapu yenye spika. Dereva wake, Juma, ndiye alikuwa anatangaza, sauti anayo. Lakini pikapu hiyo hiyo inatangaza sumu ya panya, mkutano wa injili na dawa ya meno, watu wamezoea, wanaendelea kupalilia. Kilichotuokoa ni Mokami. Alisema, "Zawadi isiwe hela. Hela wanayo. Zizi ndilo hawana." Ni kweli. Kijana akirudi kwao na hela, mama yake anamwuliza ameipata wapi. Akirudi na ng'ombe, mama anakwenda kukata majani.

Basi tukanunua ng'ombe mnadani Tarime, na kwa kuwa lori lilikuwa ghali, tulimswaga kwa miguu mpaka Kwa Mogesi. Hapa kwetu ng'ombe hapiti mbele ya mji wa mtu bila kuulizwa. Wewe unaweza kupita hata kama umevaa gunia, hakuna atakayesema kitu. Lakini ng'ombe? Anayepalilia ananyooka, anayenyonyesha anatoka mlangoni.

"Ng'ombe wa nani huyo?"

"Wa atakayenyoosha Jumapili."

"Atakayenyoosha nini?"

Hapo ndipo unasimama, unaeleza. Kila mji. Tulipofika Kwa Mogesi habari ilikuwa imefika kabla yetu, imekula na kupumzika. Tangu mwaka ule pikapu tuliikodi kwa siku ya mbio tu.

Sasa nifike kwenye mtamba mwekundu, kwa sababu ndiyo kazi iliyonizeesha.

Huyo mtamba, jike ambaye hajazaa bado, alikuwa na nyota nyeupe kwenye paji la uso na alikuwa na mimba. Hatukuwahi kuwa na zawadi kubwa hivyo. Maduara yalikuwa yametema mfululizo na vibanda vilikuwa vimejaa mpaka kwenye makorongo. Lakini mwaka ule ule ng'ombe walikuwa wamepotea pande zote mbili za mto. Watu wa upande huu wa Tarime walisema wamevushwa kwenda Serengeti. Watu wa kule walisema wao ndio walioibiwa. Sitaandika nani alianza, maana nilisikia kila upande ukiapa, na wote waliapa vizuri. Watu wawili walikuwa wameshazikwa.

Jumapili hiyo wakimbiaji walitolewa mmoja mmoja mpaka wakabaki wawili. Mmoja Mwita, mwana wa Mzee Chacha, wa upande wetu. Wa pili Wambura, kutoka Kenyamonta, ng'ambo ya mto. Hao wawili ndio waliokuja kwenye kamba. Nikatazama barabarani. Watu wa upande mmoja walikuwa wamejipanga kushoto, wa upande mwingine kulia, na hakuna aliyewaambia wajipange. Fimbo ni kawaida yetu. Ila niliona pia magunia marefu yaliyokunjwa, na gunia refu lililokunjwa halina mahindi.

Mzee Salum akaja pembeni yangu. "Ahirisha."

"Nikiahirisha wataondoka na hasira, na hasira isiyojua mwisho wake ni mbaya zaidi. Acha apatikane mshindi."

"Na asipopatikana?"

"Hajawahi kukosekana."

Alikuwa na haki ya kunikumbusha neno hilo baadaye. Hakunikumbusha, ndiyo maana namkumbuka mimi.

Ochieng alishusha kanga. Walikwenda sawasawa kama macho mawili. Walikata majivu pamoja, na pale pale mnyororo wa pikipiki ya Wambura ukakatika, ukaruka kichakani. Kwenye majivu nilikuwa nimewaweka waamuzi wawili, Mokami upande wa kushoto na Mama Ester upande wa kulia. Mokami akainua mkono: Mwita. Mama Ester akainua mkono: Wambura. Hakuna aliyedanganya. Mwita alipita kushoto na Wambura kulia, na kila mwamuzi alimwona aliye karibu naye kuwa mbele. Miaka yote ile sikuwahi kufikiri hilo. Nyangi, mwamuzi wa tatu akae mbele, juu ya kiti, anatazama barabara uso kwa uso. Usimnyime kiti hata kama mwenyewe utasimama siku nzima.

Kurudia haikuwezekana, mnyororo umekatika, na pikipiki ya kuazima hakuna aliyeikubali. Watu wakaanza kuingia barabarani kutoka pande zote mbili. Mtamba alikuwa amefungwa kwenye kigingi katikati, anatafuna, hana habari. Mtu mmoja akapaza sauti, "Ng'ombe wa nani huyu?" Lile swali la siku zote, ila safari hii halikuwa la kutangaza mbio.

Mzee Salum alisimama mbele yao. Alisema mtamba auzwe pale pale, fedha igawanywe sawa. Mzee Chacha, baba yake Mwita, akatikisa kichwa. "Fedha haina rangi, Salum. Kesho kila mmoja atasema mwenzake alikula zaidi. Ng'ombe tunamwona."

Upande wa pili wakasema hivyo hivyo. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Mimi filimbi ilikuwa mdomoni na haikutoka sauti. Aliyeongea alikuwa Mwita mwenyewe, bado amekaa juu ya pikipiki yake, anajifuta vumbi masikioni kwa kidole.

"We Wambura, kwenu kuna zizi?"

"Lipo la mama. Kwa nini?"

"Mimi nimepanga chumba hapa machimboni, mwenye nyumba hataki hata kuku. Mchukue mtamba alale kwenu. Wewe unywe maziwa, mimi nipewe ndama."

Watu wachache wakacheka. Wambura akatema vumbi. "Ndama wa kwanza."

"Wa kwanza na wa pili. Nilikutangulia kwa pua."

"Pua ndiyo ilitangulia, ni ndefu. Pikipiki ilikuwa nyuma."

Hapo wakacheka wengi, wa kushoto na wa kulia. Nyinyi vijana wa mjini huenda hamjui, lakini wale walikuwa wanataniana juu ya jambo letu la zamani. Mtu anamweka ng'ombe wake kwenye zizi la mwenzake wa mbali. Mchungaji anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anahesabu ndama. Na mtu haendi na upinde kwenye zizi ambalo ng'ombe wake analala humo. Hilo hakuna aliyelitamka, ila niliona wazee wameanza kuegemea fimbo zao.

Mzee Chacha akasema polepole, "Kumpeleka ng'ombe kule ni kumtupa mtoni."

Ndipo akatoka mwanamke mmoja kwenye watu wa kulia, kitenge cha kanisani, miguu mitupu. Alikuwa Sara, mama yake Wambura. Akapiga goti kidogo mbele ya mzee.

"Baba, unaniita mwizi, au unaongea na mto?"

Mzee akasema, "Naongea na mto, mama."

"Basi mto umekusikia." Akaenda kwenye kigingi, akafungua kamba. "Akizaa mtapewa habari. Akiachisha, ndama atakuja. Na wa pili atakuja."

Alimswaga akaondoka naye kati ya watu, nao wakampisha. Nikapuliza filimbi ya kufunga. Magunia marefu yakarudi nyumbani yakiwa yamekunjwa. Hakuna aliyevunjika mfupa, lakini kesho yake supu sikuinywa. Nilijua mbio zangu hazijakwisha. Ziko tumboni mwa ng'ombe, ng'ambo ya mto.

Nikasimamisha mbio. Nikasema hatunyooshi tena mpaka ndama afike kwa Mzee Chacha. Wafanyabiashara walinijia, na wewe Nyangi ulikuwa mbele yao, ulikuwa unauza soda.

"Bibi," ulisema, "duara la watu wa Kahama limetema jana. Watu wana hela, na wewe unasubiri ng'ombe azae?"

"Nasubiri."

"Ng'ombe wa watu?"

"Ndiyo maana nasubiri."

Ulikunja uso ukaondoka, na kwa upande wako ulikuwa sahihi. Msimu ule soda zako zilikaa mpaka vizibo vikashika kutu. Mimi mwenyewe nilirudi kwenye maharage. Lakini sikilizeni. Sisi hatuuzi mwendo, mwendo wanakuja nao. Tunauza kwamba mtu wa Kenyamonta anaweza kuja kusimama karibu na mtu wa Nkende, akapiga kelele, akala, akarudi kwake mzima. Ndama yule akipotea, watakaokatana watakatana kwenye majivu yangu, na baada ya hapo hakuna atakayelipia kibanda. Hata kama nisingejali roho za watu, hesabu ilikuwa ni ile ile. Na nilijali.

Siku zikaenda. Tukasikia mtamba amezaa. Kisha tukasikia ndama amekufa. Kisha tukasikia hakufa, amefichwa. Vijana wa mji wa Mzee Chacha walianza kukaa pamoja jioni, na mimi najua vijana wanavyokaa. Nikamwambia Ochieng anipakie. Tulivuka kwenye kivuko cha chini, mimi nimeshika masufuria mawili ya zawadi na nimefumba macho kwa sababu ya mamba, kana kwamba mamba humkosa aliyefumba macho.

Sara alinikuta kwenye ua wake. "Umekuja kuhesabu, mama?"

"Nimekuja kunywa maziwa. Barabara ina kiu."

Alicheka, akaniingiza ndani ya nyumba yake, sio zizini. Kwenye kona ya jiko, juu ya majani makavu, alikuwa amelala ndama jike, mwekundu, nyota ya mama yake. Alizaliwa dhaifu, hakusimama. Sara alikuwa amelala naye humo ndani, anamnywesha kwa kikombe, na hakutaka mtu amwone mpaka apate nguvu, maana jicho la watu ni zito. Ndiyo maana walisema amekufa, na ndiyo maana walisema amefichwa. Niliweka mkono ubavuni mwake. Unapanda na kushuka. Wangu nao ukaanza kupanda na kushuka, sikujua kama ulikuwa umesimama.

"Mtamleta vipi?" nilimwuliza. "Jioni, njia ikiwa tupu?"

"Jioni?" Sara alinitazama kama nimepotea. "Atakwenda mchana. Wambura atamswaga kwa miguu, apite kila mji. Ng'ombe wa kiza ni wa mwizi."

Alifanya alivyosema. Kiangazi kilipoingia na mto ukawa chini, Wambura alivuka na yule ndama. Mimi nilimsubiri ukingoni upande wetu, tukapanda pamoja, yeye mbele, ndama katikati, mimi nyuma na goti langu. Nawaambia, nimeandaa mbio nyingi kabla na baada ya hapo, na nyingi mlikuwepo, lakini ile ndiyo safari niliyoitazama bila kupepesa.

Mji wa kwanza, mwanamke akainuka kwenye mtama. "Ng'ombe wa nani huyo?"

"Wa Mwita, mwana wa Chacha."

"Na wewe ni nani?"

"Wambura. Natoka Kenyamonta."

Mwanamke alisimama tu. Tulipokuwa tumepita, nilimsikia anamwita mume wake.

Mji wa pili, swali lile lile. Wa tatu. Mzee Nyaikwabe, ambaye ng'ombe wake walipotea mwaka ule, aliuliza mara mbili, kisha akamwagiza binti yake alete maji ya ndama. Ndama alikunywa. Wambura naye akapewa. Kuanzia hapo watu walikuwa wanatutangulia njiani, wanatoka kabla hatujafika, wanauliza ingawa wanajua, ili walisikie jibu kwa masikio yao. Kijana wa ng'ambo anaswaga ng'ombe kuwaletea watu wa upande huu, jua likiwa utosini, anataja jina lake kila mlango.

Kwa Mzee Chacha, vijana walikuwa wamesimama kando ya ua. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye lango la zizi, ameegemea miti ya kufungia. Alimtazama ndama, akaitazama nyota.

"Ng'ombe wa nani huyo?"

"Wenu, baba," akasema Wambura. "Mama yake anakusalimu. Ana mimba tena."

Mzee alivuta miti ya lango, mmoja baada ya mwingine, akailaza chini. Kisha akasogea pembeni. "Mwingize mwenyewe. Lijue zizi."

Nilikaa chini pale pale njiani, kwenye vumbi. Mwita akaja kuniinua, nikamwambia aniache kidogo, nilikuwa sijakaa tangu siku ya mnyororo kukatika.

Jumapili iliyofuata tulinyoosha. Vibanda vilijaa mpaka ng'ambo ya korongo, na Nyangi soda zako ziliisha mchana. Matangazo hatukulipia hata kidogo. Njia nzima ilikuwa imeshauliza.

Filimbi ikikwama, ioshe kwa maji ya moto.